Kuutembelea Mji wa Trier, Ujerumani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

## Mji wenyewe

1. Trier uko wapi, na una nini cha kumfanya mtu afunge safari?

Trier uko magharibi kabisa mwa Ujerumani, kando ya mto Mosel, katika jimbo la Rheinland-Pfalz, karibu sana na mpaka wa Luxembourg. Si mji mkubwa: wakazi wake ni zaidi kidogo ya laki moja, na sehemu kubwa ya vitu vinavyowavuta wageni inafikika kwa miguu kutoka uwanja wa soko uliopo katikati ya mji, ambao Wajerumani huuita Hauptmarkt.

Kinachoutofautisha na miji mingine ya kiasi chake ni kwamba katika karne ya 4 BK ulikuwa miongoni mwa makao ya makaizari wa Roma, na majengo ya enzi hiyo hayakufukiwa yote. Baadhi yake yanatumika hadi leo: magari hupita juu ya daraja lililosimama kwenye nguzo za Warumi, na ibada hufanyika katika ukumbi alioujenga Kaizari Konstantino. Mwaka 1986 UNESCO iliyaingiza majengo 9 ya Trier na jirani yake katika orodha ya Urithi wa Dunia.

2. Je, ni kweli kwamba huu ndio mji mkongwe kuliko yote nchini Ujerumani?

Wenyeji watakuambia ndiyo bila kusita, ingawa miji mingine kadhaa ya Ujerumani nayo hudai heshima hiyo hiyo. Ushahidi wa Trier ni wa mbao: magogo ya daraja la kwanza la Warumi juu ya Mosel yamepimwa kwa kuhesabu pete za miti, na ikaonekana kwamba miti hiyo ilikatwa mwaka 18 au 17 KK. Ndipo wataalamu wakauhesabia mji umri wake, na mwaka 1984 ukasherehekea kutimiza miaka 2,000. Warumi waliuita Augusta Treverorum, yaani mji wa Augusto katika nchi ya Watreveri, kabila la Kikelti lililoishi eneo hilo kabla yao.

Kuna na madai makubwa zaidi, nayo yameandikwa kwa Kilatini ukutani mwa nyumba moja nyekundu hapo Hauptmarkt: kwamba Trier ulisimama miaka 1,300 kabla ya Roma. Hadithi ya zama za kati husimulia kuwa mwanzilishi wake alikuwa Trebeta, mwana wa mfalme wa Ashuru. Hakuna mwanahistoria anayeikubali, lakini yafaa mgeni auone ubao huo, kwa kuwa unaonyesha jinsi watu wa Trier walivyokuwa wakishindana na Roma kwa ukongwe hata baada ya dola yenyewe kuanguka.

3. Trier ni mji wa chuo kikuu au wa watalii?

Ni vyote viwili, ila haviishi pamoja. Chuo kikuu cha kwanza kilifunguliwa mwaka 1473 na kikafungwa mwaka 1798 chini ya utawala wa Wafaransa. Mji ukakaa bila chuo kikuu kwa zaidi ya karne moja na nusu, mpaka kilipoanzishwa upya mwaka 1970, kwanza kikiwa kimeunganishwa na kile cha Kaiserslautern, kisha kikajitegemea mwaka 1975. Kampasi yake ipo juu ya vilima vya Tarforst, mbali na magofu, na wanafunzi hupanda na kushuka kwa basi. Mgeni anayetarajia kuona kumbi za mihadhara zenye umri wa miaka 500 atakosa. Atakachokiona mjini ni matokeo ya kuwapo kwa wanafunzi, yaani vyakula vya bei nafuu, baiskeli nyingi, na watu wanaoelewa Kiingereza. Kuhusu kusoma huko, tazama swali la 18.

## Viza, njia na muda

4. Je, ninahitaji viza?

Raia wa Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wanahitaji viza ya Schengen, yaani viza moja ya kundi la nchi za Ulaya zikiwamo Ujerumani na Luxembourg, inayoruhusu kukaa hadi siku 90 ndani ya kipindi chochote cha siku 180. Tangu Juni 2024 ada yake ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Lazima uwe na bima ya safari inayogharimia matibabu hadi angalau euro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasichelewe kupita siku 15 kabla yake, ingawa anayengoja siku hizo 15 anajitafutia presha bila sababu.

Kosa linalojirudia ni kuomba katika ubalozi usiohusika. Kwa kuwa Trier upo mpakani, wengi hupanga kutembelea Ujerumani na Luxembourg, pengine na Ufaransa au Ubelgiji. Sheria inataka uombe kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na siku zikilingana, uombe kwa nchi utakayoingilia.

5. Nitafikaje?

Trier hauna uwanja wa ndege wa abiria. Ulio karibu ni wa Luxembourg, na wengi kutoka Afrika Mashariki hushukia Frankfurt kisha wakapanda treni kupitia Koblenz. Kutoka Koblenz treni huchukua takribani saa moja na nusu ikifuata bonde la Mosel, na sehemu ya njia hiyo hupita katikati ya mashamba ya mizabibu yaliyopandwa kwenye miteremko mikali hata mtu ashangae wavunaji husimama vipi. Kaa upande wenye dirisha.

Ukishukia Luxembourg, usafiri wa umma ndani ya nchi hiyo ni bure tangu mwaka 2020, daraja la pili, hata kwa wageni. Ubure huo hukoma mpakani, katika stesheni ya Wasserbillig. Kutoka hapo hadi Trier lazima uwe na tiketi, na mkaguzi hatakubali maelezo kwamba hukujua.

6. Siku ngapi zinatosha?

Wengi huja asubuhi kutoka Luxembourg au kwa meli za kitalii, wakapiga picha mbele ya Porta Nigra, lango la kale la Warumi, wakala, wakaondoka jioni. Hao wameliona lango, mji bado hawajauona. Tunashauri siku 3 kamili: moja ya makumbusho makubwa, moja ya magofu na makanisa, na moja ya kijiji cha Igel (tazama swali la 20), daraja na ng'ambo ya mto. Mwenye siku moja tu asome swali la 8, achague vitu vitatu, na asijaribu vyote.

7. Nije msimu gani, na niepuke siku gani?

Mei hadi Septemba ndio wakati wa hali ya hewa nzuri. Septemba na Oktoba ni msimu wa mavuno ya zabibu. Kuanzia mwishoni mwa Novemba hufunguliwa soko la Krismasi, katika uwanja wa soko na mbele ya kanisa kuu, ambalo hupendwa sana na hivyo hujaza nyumba za wageni.

Zaidi ya msimu, zingatia siku ya juma. Jumapili karibu maduka yote hufungwa nchini kote, na Jumatatu makumbusho mengi hufungwa, pamoja na yale makubwa ya akiolojia. Kwa hiyo Jumapili itumie kwa makumbusho, na Jumatatu kwa makanisa, daraja na matembezi ya kando ya mto. Anayefika Jumapili jioni na kuondoka Jumatatu usiku atakuwa amechagua vibaya kuliko wote.

## Magofu na makanisa

8. Nianzie wapi?

Vitabu vya wageni huanzia Porta Nigra kwa sababu ipo karibu na stesheni. Sisi tunashauri kinyume chake: anza na makumbusho ya akiolojia, Rheinisches Landesmuseum (tazama swali la 12). Sababu ni kwamba magofu ya Trier yamebaki mifupa. Marumaru iliyofunika kuta iling'olewa, michoro ikapukutika, sanamu zikaondolewa. Anayeingia moja kwa moja kwenye hamamu, yaani bafu za umma za Warumi, huona matofali na nyasi, akachoka baada ya dakika 10. Aliyekwisha kuona sakafu za vijiwe vya rangi na mawe ya makaburi yaliyochongwa huyavika magofu hayo nguo zake kichwani mwake, na hapo ndipo yanapoanza kusema.

Kuna pia tiketi ya pamoja, AntikenCard, inayojumuisha makumbusho hayo na magofu ya Kirumi. Ukitaka kuona zaidi ya sehemu mbili, uliza habari zake kwenye dirisha la kwanza utakalofika.

9. Kwa nini Porta Nigra ni nyeusi, na imewezaje kusimama muda wote huo?

Jina lake maana yake ni lango jeusi, nalo ni jina la zama za kati, si la Warumi. Mawe yake ni ya mchanga wa rangi ya kijivu hafifu ambayo yamekuwa meusi kwa umri, hewa na moshi. Mbao zilizopatikana kwenye msingi wa ukuta wa mji unaoungana nalo zilikatwa katika majira ya baridi ya mwaka 169 kuingia 170 BK, kwa hiyo tunajua lilianza kujengwa mwaka gani. Halikumalizika kamwe: angalia baadhi ya nguzo za upande wa nje, utaona hazikulainishwa.

Mafundi hawakutumia udongo wala chokaa kuyashikanisha mawe, bali vipande vya chuma vilivyomiminiwa madini ya risasi. Karne zilizofuata, watu waliokuwa na njaa ya chuma walivichokoa. Yale mashimo yaliyotapakaa ukutani ndiyo makovu yake. Lingelikuwa limevunjwa lote kama majengo mengine ya mawe ya Kirumi, lakini katika karne ya 11 mtawa wa Kigiriki aitwaye Simeoni alijifungia humo aishi peke yake kwa sala, akafa mwaka 1035, akatangazwa kuwa mtakatifu, na lango likageuzwa kanisa kwa heshima yake. Hakuna aliyethubutu kuchota mawe ya kanisa. Mwaka 1804 Napoleon alipofika Trier aliamuru nyongeza za kanisa ziondolewe ili lango la Warumi lionekane. Kazi hiyo ilimalizwa na Waprusi, Wajerumani wa kaskazini waliotawala mji baada ya Wafaransa, ambao waliacha sehemu ya altare upande wa mashariki, na ndiyo maana jengo halilingani pande zake mbili.

10. Kuna hamamu tatu za Kirumi. Je, nizione zote?

Hapana, isipokuwa wewe ni mwenye mapenzi ya mabomba na matanuri. Kaiserthermen, hamamu za kifalme, ndizo za kuchagua, kwa ajili ya kuta zake ndefu na hasa njia zake za chini ya ardhi, ambamo mtu anaweza kutembea akajisahau. Kichekesho ni kwamba hapo hapajaoga mtu: ujenzi ulianza karibu mwaka 300, makao ya kaizari yakahamishwa kabla haujakamilika, na baadaye mpango ukabadilishwa kuwa kambi ya askari. Zile za Viehmarkt ziligunduliwa mwaka 1987 wakati wa kuchimba egesho la magari, na sasa zimefunikwa kwa jengo la vioo. Ni mahali pazuri siku ya mvua. Barbarathermen, za karne ya 2, zilikuwa kubwa ajabu, lakini kilichobaki ni kidogo na hutazamwa kutoka kwenye ujia wa juu.

Uwanja wa kale wa mapambano, ambao uliweza kuchukua watazamaji wapatao 18,000, upo umbali wa kutembea kuelekea mashariki mwa hamamu za kifalme. Usiondoke bila kushuka kwenye chumba cha chini ya uwanja, walikohifadhiwa wanyama na watu waliosubiri kupandishwa.

11. Basilika na kanisa kuu ni kitu kimoja? Na Kanzu Takatifu nitaiona?

Ni vitu viwili, vya madhehebu mawili. Basilika ya Konstantino ulikuwa ukumbi wa kiti cha enzi uliojengwa karibu mwaka 310, wenye urefu wa mita 67, upana wa mita 27 na kimo cha mita 33, na sakafu yake ilipashwa moto kutoka chini. Maaskofu wakuu waliotawala Trier walibomoa kuta zake mbili kujenga kasri lao, lile jengo la waridi lililoegemea ubavuni mwake. Mfalme wa Prussia akazirudishia, na tangu mwaka 1856 ni kanisa la Kiprotestanti. Liliungua kwa mabomu mwaka 1944, na walipolijenga upya waliacha matofali ya ndani wazi bila pambo. Sisi tunaona uwazi huo ndio fahari yake: hakuna nguzo hata moja ndani, na ukimya wake una uzito. Saa za ibada halifunguliwi kwa watazamaji.

Kanisa kuu la Mtakatifu Petro ni la Kikatoliki, na ndilo kanisa la askofu lililo kongwe kuliko yote Ujerumani. Kiini cha kuta zake ni cha karne ya 4. Humo hutunzwa kanzu isiyo na mshono inayoaminiwa kuwa ya Yesu, ambayo mapokeo husema ililetwa na Helena, mama wa Konstantino. Hutaiona. Hufungiwa katika kikanisa chake na kuonyeshwa kwa nadra sana: katika karne ya 20 ilitolewa mwaka 1933, 1959 na 1996, kisha tena mwaka 2012. Kanisa la Liebfrauen lililoungana na kanisa kuu, la karne ya 13, ni miongoni mwa makanisa ya kwanza ya mtindo wa Kigothi katika nchi ya Ujerumani, nalo huachwa na wageni wengi kwa haraka tu.

## Makumbusho

12. Katika Rheinisches Landesmuseum nitafute nini hasa?

Makumbusho haya yalianzishwa mwaka 1877, na ni makubwa kiasi cha kuhitaji nusu siku. Tafuta mawe ya Neumagen, kijiji cha bonde la Mosel. Yalikuwa makaburi ya matajiri wa bonde la Mosel. Katika karne ya 4, hofu ya mashambulizi ilipozidi, yalivunjwavunjwa na kutumiwa kuwa msingi wa ngome, na kwa kufukiwa huko yakasalimika. Maarufu zaidi ni merikebu ya divai, ya karibu mwaka 220, yenye mapipa na wapiga makasia, mmoja wao akiwa na uso wa ucheshi. Lakini simama pia mbele ya jiwe la shule, la karne ya 2: mwalimu mwenye ndevu ameketi, wanafunzi wawili wamekunjua vitabu vyao vya mviringo, na wa tatu anaingia akiwa amechelewa, mkono umeinuliwa kutoa salamu au udhuru. Mwalimu yeyote atamtambua.

13. Hazina ya dhahabu ilipatikanaje?

Mwaka 1993, katika uchimbaji wa msingi wa jengo mjini, mashine ilikipasua chombo cha shaba kilichojaa sarafu za dhahabu, na nyingine zikaokotwa baadaye kwenye kifusi kilichokwisha kutupwa. Ni zaidi ya sarafu 2,500 zenye uzito wa takribani kilo 18.5, nazo huhesabiwa kuwa hazina kubwa kuliko zote za dhahabu ya enzi za makaizari wa Roma zinazojulikana. Zimo Landesmuseum, katika chumba chake zenyewe. Oktoba 2019 wezi waliingia usiku wakakiponda kioo cha kabati lake. Kioo kikawashinda, wakakimbia mikono mitupu.

14. Nyumba ya Karl Marx ni ipi, maana ninaona mbili?

Alizaliwa tarehe 5 Mei 1818 katika nyumba ya Brückenstraße, ambayo leo ni makumbusho. Chama cha Social Democrat kiliinunua mwaka 1928, Wanazi wakainyang'anya mwaka 1933, na makumbusho yakafunguliwa mwaka 1947. Familia yake ilihama mwaka uliofuata kuzaliwa kwake, ikaenda kuishi karibu na Porta Nigra, na huko ndiko alikokulia hadi alipokwenda kusoma Bonn mwaka 1835, kwa kuwa wakati huo Trier haukuwa na chuo kikuu (tazama swali la 3). Nyumba hiyo ya pili imekuwa duka.

Katika nyumba ya makumbusho usitarajie fanicha za familia: ni maonyesho ya maisha, maandishi na athari za mawazo yake. Sanamu kubwa ya shaba iliyo karibu na Porta Nigra ni zawadi ya China ya mwaka 2018, na ilizua mabishano makali mjini. Mwaka huo huo ofisi ya utalii iliuza noti ya ukumbusho ya euro sifuri yenye picha ya Marx, kwa bei ya euro 3. Msomaji mwenye kujua nadharia yake ya thamani na atafakari mwenyewe.

15. Nikiwa na muda wa makumbusho mengine mawili tu?

Chagua Museum am Dom, iliyo na michoro ya dari ya enzi za Konstantino iliyounganishwa upya kutoka maelfu ya vipande vilivyochimbuliwa chini ya kanisa kuu. Na hazina ya maktaba ya mji, yenye Biblia ya Gutenberg na Codex Egberti, kitabu cha Injili chenye picha za rangi cha karne ya 10. Ya tatu, kama miguu bado inakubali, ni Stadtmuseum Simeonstift, inayosimulia historia ya mji baada ya Warumi.

## Mambo ya kila siku

16. Fedha, lugha na saa?

Sarafu ni euro. Beba noti na sarafu kiasi, kwa sababu mikahawa na maduka madogo kadhaa bado hayapokei kadi. Chupa za plastiki za kutumika mara moja na makopo hulipiwa amana ya senti 25, ambayo hurudishwa ukizitumbukiza kwenye mashine ya duka kubwa, usizitupe.

Lugha ni Kijerumani, na vijana wengi wanajua Kiingereza. Ukiingia dukani toa salamu kwanza, neno moja linatosha.

Saa za Ujerumani ziko nyuma ya zile za Kenya, Tanzania na Uganda kwa saa 2 majira ya baridi na saa 1 majira ya joto. Tahadhari kubwa zaidi ni kwa mwenye kuhesabu saa kwa Kiswahili: tiketi yenye 14:00 ni saa nane mchana, na yenye 18:00 ni saa kumi na mbili jioni. Wapo waliofika stesheni saa sita kamili nje ya wakati.

## Hali za pekee

17. Nina viza ya kuingia mara moja. Nikivuka kwenda Luxembourg nitaweza kurudi Trier?

Ndiyo. Nchi zote mbili zimo ndani ya Schengen, na kuvuka kati yake hakuhesabiwi kuwa kutoka na kuingia upya. Hata hivyo, tangu Septemba 2024 Ujerumani imerudisha ukaguzi katika mipaka yake ya nchi kavu, kwa hiyo pasipoti yenyewe iwe mfukoni; nakala ya simu haitoshi.

18. Nimekipenda chuo. Naweza kubaki nikasoma?

Si kwa viza ya matembezi. Kwa kawaida viza hiyo haigeuzwi kuwa ya masomo ukiwa ndani ya nchi. Utarudi nyumbani na kuomba viza ya kitaifa ya masomo, baada ya kupata nafasi chuoni na kuonyesha uwezo wa kujikimu. Kizuri ni kwamba vyuo vikuu vya umma vya Rheinland-Pfalz havitozi karo kwa shahada ya kwanza, hata kwa wageni, ila mchango wa kila muhula. Ziara yako itumie kupanda Tarforst na kuzungumza na ofisi ya wanafunzi wa kigeni.

19. Ninasafiri na mzazi mzee asiyeweza kupanda ngazi.

Katikati ya mji ni tambarare na hakuingii magari mengi, ingawa mawe ya barabarani husumbua magurudumu. Basilika na kanisa kuu humfaa. Porta Nigra ina ngazi nyembamba za mzunguko na haina lifti. Lakini uzuri wake mkubwa upo nje, hasa jioni taa zinapowashwa, na mzee anaweza kuutazama akiwa ameketi kwenye kiti cha mkahawa.

20. Je, inafaa kwenda Igel kuona mnara mmoja tu?

Inafaa. Kijiji cha Igel kipo kituo cha treni cha karibu kwenye njia ya Luxembourg, na mnara wake, wenye kimo cha takribani mita 23, ni kaburi la familia ya wafanyabiashara wa nguo la karibu mwaka 250. Umechongwa pande zote kwa picha za kupima vitambaa, kula mezani na kusafirisha mizigo. Makaburi mengine ya namna hiyo yalivunjwa, kama yale ya Neumagen. Huu uliachwa kwa sababu watu wa zama za kati waliamini kwamba picha yake kuu ya mume na mke ni ya ndoa ya wazazi wa Konstantino, na hawakutaka kumgusa mama yake, Mtakatifu Helena. Walikosea, na kwa kosa hilo mnara bado uko pale pale ulipojengwa, kando ya barabara ya kijiji.